Kusimama si kuzeeka: shajara ya mradi wa p53

Jumatatu, 3 Februari

Seli zimetoka kwenye naitrojeni leo saa tatu kasorobo asubuhi. Kichupa kilikuwa kinafuka, nikakikimbiza kwenye beseni la maji ya nyuzi 37 na kukizungushazungusha mpaka kikabaki kibarafu kama punje ya mchele. Hapo ndipo pa kukitoa. Ukisubiri barafu yote iyeyuke, ile dawa iliyozilinda seli kwenye baridi inaanza kuzidhuru.

Ni faibroblasti za ngozi ya binadamu, wale mafundi wanaosuka kolajeni inayoifanya ngozi irudi mahali pake ukiivuta. Seli za ukoo huu hujigawa maradufu zaidi kidogo ya mara 70, halafu zinagoma. Jambo la kugoma tunalijua tangu 1961, pale Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, walipoonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikilelewa kwenye chupa hufika karibu migawanyiko 50 na kuishia hapo. Kabla yao wataalamu waliamini seli ikilishwa vizuri haina mwisho. Kinachonivutia mimi ni kwamba zikigoma hazifi. Zinakaa, zinakula, zinachafua maji yao, wiki baada ya wiki, ila kujigawa ndiyo basi.

Swali la mradi linatosha kwenye kiganja: p53, protini inayozuia saratani, ikiamka ndani ya seli, ni nini kinachoamua kwamba seli hii ipumzike kisha irudi kazini, na ile izeeke moja kwa moja? Msimamizi wangu ameliangalia akasema swali limeizidi bajeti. Hajakosea.

Kwa nini seli za ngozi na si za mapafu, ambazo kila mtu anazo: breki za seli ziko mbili kubwa. Moja ni p53, ambayo huwasha p21, nayo p21 hukamata injini ya kujigawa. Ya pili ni p16, ambayo hupitia kwa protini nyingine ya kuzuia saratani iitwayo RB. Faibroblasti za mapafu za ukoo wa WI-38 zikizeeka hujaa p16. Hizi zangu huwa na p16 kidogo. Mwaka 2003 kundi la Judith Campisi, California, lilizima p53 ndani ya seli zilizokwisha kuzeeka: zile zenye p16 kidogo zikaanza kujigawa upya, zile zenye p16 nyingi hazikushtuka. Mimi nataka kusikia ngoma moja ikipigwa, zikipigwa mbili pamoja sitajua ni ipi inayonichezesha.

Mzee wetu wa maabara amepita wakati naziweka kwenye inkubeta.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Hao ndio watoto wako?"

"Ndio hao."

"Usiwafungulie mlango ovyo, watapata baridi."

Alhamisi, 13 Februari

Zimeshika chini na zimenawiri. Chini ya hadubini faibroblasti changa ni nyembamba, zimechongoka huku na huku, na zikijaa zinajipanga kuelekea upande mmoja kama dagaa kwenye maji ya kina kifupi. Nimezihamisha asubuhi: maji ya chumvi, tripsini (kimeng'enya cha kuzibandua seli), dakika tatu, gonga chupa kwa kiganja, zinaachia.

Nimepangiwa zamu ya kabati la hewa safi baada ya mwenzangu anayefanya kazi na seli za saratani ziitwazo HeLa, nimekataa. Nimeomba zamu yangu iwe asubuhi kabla yake. HeLa ikidondosha seli moja kwenye chupa yangu, baada ya wiki chache nitakuwa nalea HeLa huku nikiandika faibroblasti. Zinakua kwa pupa kiasi hicho. Seli hizo zilitolewa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na hazijasimama mpaka leo. Na sababu mojawapo kubwa ni p53 hiyohiyo. Uvimbe ule uliletwa na kirusi cha papiloma, aina ya 18, chenye protini iitwayo E6. E6 inaishika p53 na kuipeleka kusagwa, kila siku, bila kuchoka. Mwenzake E7 anamalizana na RB. Breki zote mbili zimeng'olewa. Kwa hiyo kwenye inkubeta moja nina rafu ya juu isiyojua kuzeeka na rafu ya chini inayohesabu siku.

Jumatano, 19 Februari

Siku nzima imeliwa na fomu. Kamati inataka nieleze "umuhimu wa mradi kwa taifa" kwa maneno yasiyozidi 100, na mara ya kwanza wameirudisha kwa sababu nimeandika 112. Nimeandika upya. Nimetaja chanjo ya kirusi cha papiloma ambayo wasichana wa Tanzania wanapewa kitaifa tangu 2018: ukiikinga shingo ya kizazi na kirusi kile, kwa lugha ya maabara umeiokoa p53 isiliwe. Nimetaja pia sumukuvu. Mahindi au karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu, kuvu hutoa aflatoksini, na aflatoksini ikifika kwenye ini ina mahali inapopapenda kwenye jeni ya p53, kodoni ya 249, kundi la herufi tatu tu. Saratani nyingi za ini kutoka sehemu zenye sumu hiyo zimekutwa na kovu hilohilo, mahali hapohapo, kama alama ya kidole cha mwizi. Hilo lilianza kuandikwa 1991.

Maneno 98. Wameipokea.

Jumanne, 25 Februari

Dawa imeingia. Makundi matatu: seli zisizoguswa, seli zilizokaa na doksorubisini saa 2, na seli zilizokaa nayo saa 24. Ni dawa ileile nyekundu wanayotundikiwa wagonjwa wa saratani. Hata ikichanganywa mpaka iwe nyepesi sana, maji ya kulelea yanachukua rangi kidogo ya juisi ya rosela. Inafanya kazi kwa kuking'ang'aniza kimeng'enya kinachofungua mafundo ya DNA, na DNA inakatika nyuzi zote mbili. Glavu mbili, na taka kwenye ndoo yake.

Niandike hapa p53 inavyoishi, kwa sababu baada ya miezi mitatu nitakuwa nimesahau niliielewaje leo.

Katika seli iliyotulia p53 inatengenezwa muda wote na kuharibiwa muda wote. Haimalizi hata nusu saa. Anayeiharibu ni protini nyingine, MDM2, ambaye anaibandika alama ya kwenda kusagwa. Inaonekana ni upotevu, kupika chungu kizima na kumwaga kila baada ya dakika 20, lakini ndiyo inayofanya mlinzi awe tayari: DNA ikikatika, hakuna haja ya kuanza kupika, inatosha kuacha kumwaga. Alama za hatari zinabandikwa kwenye p53, MDM2 hamkamati tena, p53 inajaa, inaingia kazini na kuwasha jeni kwa makumi. Moja ya jeni inazoziwasha ni p21, ya kusimamisha seli. Nyingine ni ya MDM2 mwenyewe. Yaani p53 inaamka na papo hapo inamwita atakayeilaza.

Kwa sababu hiyo haipandi na kubaki juu. Inapanda na kushuka, kama mawimbi. Uri Alon na Galit Lahav walizitazama seli moja moja zikifanya hivyo mwaka 2004: baada ya mionzi, wimbi baada ya wimbi, kila moja likichukua kama saa tano na nusu. Jeraha likiwa kubwa zaidi wimbi haliwi refu zaidi, mawimbi ndiyo yanakuwa mengi. Mwaka 2012 Lahav na wenzake, Harvard, wakaenda mbele: wakatumia Nutlin, dawa inayoziba mfuko ambao MDM2 anaishikia p53, wakaitia kwa dozi za vipindi mpaka mawimbi yakawa ukuta ulionyooka. Seli zilizopata mawimbi, nyingi zilipona na kuendelea. Zilizopata ukuta, nyingi zaidi zilizeeka. Protini ni ileile. Kilichobadilika ni muda inaokaa macho.

Hapo ndipo mradi wangu ulipozaliwa, sina haja ya kujifanya nimeuota.

Na jina. Inaitwa p53 kwa sababu mwaka 1979, makundi kadhaa yalipoigundua karibu kwa pamoja, London, Princeton, New York na Ufaransa, kwenye jeli ya kupimia uzito wa protini ilisimama kwenye alama ya kilodaltoni 53. Uzito wake wa kweli ni karibu 44. Ina proline nyingi (moja ya tofali zinazojenga protini), inatembea kwa kujivuta, jeli ikadanganyika, na jina limebaki. Hata kazi yake walikosea. Kwa miaka kumi ilihesabiwa kuwa protini inayoleta saratani, kwa vile nakala walizokuwa nazo maabara zilikuwa zimeharibika bila wao kujua. Kesi iligeuka 1989, Bert Vogelstein kwa upande wake na Arnold Levine kwa upande wake. Mwaka 1992 David Lane akaiandika kuwa mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli. Kutoka mshitakiwa hadi askari.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya nane tangu niioshe dawa. Jana jioni nilizigandisha na kuzitia rangi, nikaziacha usiku kucha kwenye inkubeta, nikaenda kufuturu nikiwa na furaha zangu.

Rangi hii ni ya Campisi na wenzake, 1995. Seli iliyozeeka ina vifuko vingi vya kumeng'enyea taka, na ndani yake kimeng'enya cha kukata sukari. Unaipa kitu kisicho na rangi, kimeng'enya kinakikata, kinageuka bluu. Siri yote iko kwenye asidi: kwa kawaida kimeng'enya hicho hupenda asidi kali, pH 4, na pale kila seli itakuwa bluu. Ukikipima kwenye pH 6, ambapo hakina raha, ni seli zilizokifurika tu zinazotoa bluu.

Nimefungua leo saa moja. Bluu. Bluu ya kupendeza. Nikaita watu. Mwenzangu wa HeLa akaangalia, akauliza, "Sahani ya tatu ni ipi?"

Ya tatu ni zile ambazo hazikuguswa. Nazo ni bluu.

Nimekaa kwenye kiti dakika kumi nzima kabla ya kuona ujinga wangu. Inkubeta yetu inalishwa gesi ya kaboni dioksidi asilimia 5, kwa ajili ya seli hai. Gesi hiyo ikiyeyuka kwenye maji inaleta asidi. Seli za kutiwa rangi zinatakiwa joto la nyuzi 37 tu, bila gesi. Nimechovya karatasi ya kupimia kwenye kimiminika kilichobaki: kimeshuka chini ya 6. Maelekezo yameandikwa wazi, "bila CO2", na nilikuwa nimeyapigia mstari kwa kalamu ya kijani.

Nina sahani za akiba, bado hai. Nitarudia Jumatatu ya wiki ijayo.

Jumamosi, 15 Machi

Sikurudia. Umeme umekatika Jumamosi iliyopita usiku, mvua za kwanza za masika, na jenereta ya jengo haikuwaka yenyewe kama inavyotakiwa. Kufika kwangu alfajiri inkubeta ilikuwa nyuzi 26. Faibroblasti zinaweza kustahimili baridi, hazikufa zote, lakini mimi napima majeraha na kupona. Seli iliyopata dawa na baridi kwa pamoja haiwezi kunijibu swali. Nimezimwagia jiki zote. Mzee amesimama mlangoni akasema, "Pole mwanangu. Wengine wapo?" Wapo, vichupa vinne kwenye naitrojeni.

Ijumaa, 21 Machi

Kichupa cha pili kimefunguliwa Jumanne. Wakati zinakua nimekaa na msimamizi saa moja na nusu, na ndiyo saa moja na nusu yenye faida kubwa tangu nianze.

Nilimwendea na msimamo: p53 inazuia saratani, lakini bei yake ni uzee. Ni biashara. Nikampa panya wa Houston kama ushahidi. Mwaka 2002 kundi la Lawrence Donehower lilitangaza panya ambao, kwa ajali ya maabara wakati wakitafuta kitu kingine, walipata kipande cha p53 kilichokatika kichwa. Kipande hicho kiliifanya p53 nzima iliyobaki iwe kali kupita kiasi. Panya wale karibu hawakuugua saratani. Lakini walikunjama mgongo mapema, mifupa ikawa myepesi, misuli ikasinyaa, vidonda vikachelewa kupona, na nusu yao walikuwa wamekufa kufikia wiki ya 96, wakati ndugu zao wa kawaida walifika 118. Bila saratani, na bado wakafa mapema. Nikasema ushahidi gani zaidi?

Msimamizi akaniuliza, "Na panya wa Madrid umewaweka wapi?"

Mwaka huohuo, 2002, kundi la Manuel Serrano lilitengeneza panya waliopewa nakala nzima ya ziada ya p53, si kipande, ikiwa na swichi zake zote za asili. Nao walikingwa na saratani. Wakazeeka kama panya wengine wowote, bila haraka. Mwaka 2007 wakaongezewa na ARF, protini inayomzuia MDM2, pia na swichi zake. Hao waliishi zaidi: umri ambao nusu yao wanakuwa wamekufa ulipanda kwa asilimia 16, na dalili za uzee zikachelewa.

"Sasa biashara yako iko wapi?" akauliza.

Nimejitetea kidogo, kisha nimenyamaza. Panya wa Houston walikuwa na p53 isiyolala vizuri. Wa Madrid walikuwa nayo nyingi zaidi, lakini inaamka ikiitwa na inalala ikimaliza. Mlinzi anayepiga filimbi usiku kucha anawazeesha wenye nyumba. Walinzi wawili wanaopiga filimbi siku ya mwizi tu hawamsumbui mtu. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa utangulizi juu ya "bei ya p53". Nimeufuta jioni hii. Umeniuma, ulikuwa umeandikwa vizuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu imepita. Nutlin imefika, baada ya wiki tano za "mzigo wako unashughulikiwa". Kiboksi cha povu kikubwa kuliko kichwa changu, ndani yake kichupa chenye unga usiojaza ukucha.

Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri, kwa sababu doksorubisini inaleta mambo mawili kwa pamoja, jeraha la DNA na p53. Nutlin inaleta moja. Haimkati mtu, inamshika MDM2 mikono tu, p53 inajaa bila jeraha lolote. Nimeweka makundi matano sasa: yasiyoguswa, doksorubisini saa 2, doksorubisini saa 24, Nutlin siku 3 kisha kuoshwa, na Nutlin bila kuoshwa mpaka mwisho. Na sahani mbili za seli ambazo mwenzangu alizilea tangu mwaka jana mpaka zikagoma zenyewe. Hao ndio wazee wa kweli, wa kulinganishia.

Nimewatazama wazee hao kwa muda mrefu leo. Hawafanani kabisa na dagaa wa Februari. Wamepanuka, wametandazika kama chapati iliyomshinda mpishi, kiini kimoja kikubwa katikati, wakati mwingine viwili, na ndani chembechembe nyingi kama vumbi. Seli moja inachukua nafasi ya seli changa kumi. Mpangilio wa kuelekea upande mmoja haupo tena. Kila mmoja amekaa alivyokaa.

Jumatano, 16 Aprili

Kipimo cha protini kimekubali mara ya kwanza, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Jeli, karatasi, kingamwili ya p53, kisha nyingine ya p21. Mistari imetoka mizito kwenye Nutlin na kwenye doksorubisini, na kwenye seli zisizoguswa ni kivuli tu. Mstari wa p53 umesimama kwenye 53, kwa uwongo wake uleule wa mwaka 1979.

Lakini habari ya leo si hiyo. Zile za Nutlin ya siku 3 niliziosha Alhamisi iliyopita. Wakati naziosha zilikuwa zimesimama kabisa: sikuona hata seli moja iliyojikunja duara kujigawa. Ungeniuliza siku ile ningesema zimezeeka. Leo zinajigawa. Nimeona jozi nne za seli zilizoachana sasa hivi, bado zimetazamana kama pacha, kwenye eneo moja tu la lenzi. Zilipumzika zikarudi.

Za doksorubisini ya saa 24 niliziosha mapema zaidi na hazijarudi. Zinapanuka.

Nimerudi kwenye makala ya 2010 ya kundi la Mikhail Blagosklonny, ambayo mwanzoni niliisoma nikaona wanapenda ubishi tu. Wanasema p53 yenyewe inasimamisha seli, lakini kusimama si kuzeeka. Seli inazeeka pale ambapo imesimamishwa huku mTOR, ile protini inayoiambia seli "kula, kua", bado inapiga kelele. Na p53 ikiwa juu vya kutosha inaweza hata kumnyamazisha mTOR, ndiyo maana seli inabaki ndogo na kulala badala ya kuzeeka. Ni daladala ambayo dereva amekanyaga breki na konda bado anaingiza abiria: haiendi, lakini inazidi kujaa mpaka bodi inatanuka. Ukimnyamazisha na konda, gari linakaa tu kituoni, na breki ikiachiwa linaondoka.

Chapati zangu za doksorubisini ni daladala lililojaa.

Jumanne, 29 Aprili

Nimetia rangi. Safari hii kwenye kabati kavu la joto, bila gesi, sahani zimefungwa kwa plastiki zisikauke, na karatasi ya kupimia pH ikaingia kabla na baada. Sita kabla, sita baada.

Wazee wa kweli: bluu, hasa kuzunguka kiini, kama wino ulioingia kwenye kitambaa. Zisizoguswa: karibu zote nyeupe. Nilikuwa nimeshikilia pumzi.

Kosa jingine dogo, niliandike. Kwenye ukingo wa sahani moja isiyoguswa kuna ukanda wa bluu. Hazijazeeka, ni kwamba zilijaa mno pale na kubanana, na seli zilizobanana nazo hutoa bluu kidogo. Zinahesabiwa zile za katikati tu, zenye nafasi.

Mzee alikuwa ananisubiri nimalize ili afunge. Nikamwonyesha kwenye hadubini. Akatazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Hao wa bluu ndio wameshazeeka?"

"Ndio, Mzee."

"Wanafanya nini sasa?"

Nikamweleza: hawajigawi, lakini hawakai kimya. Wanatoa kemikali za kuleta uvimbe, ule wa kidonda kinachowaka, wanatoa vimeng'enya vinavyokula ile kolajeni waliyoisuka wenyewe ujanani, wanawaudhi majirani. Panya waliosafishwa seli za namna hiyo, zile zenye p16, wamekuwa na afya zaidi uzeeni. Kundi la Jan van Deursen, Mayo Clinic, lilionyesha hilo 2011 na tena 2016. Akacheka. "Mimi sitoi uvimbe, na namsaidia jirani kuchota maji." Nikamwambia nazungumzia seli.

Kisha akaniuliza swali ambalo kamati haikuuliza. Kwao ni Kisaki, mpunga wao unaliwa na tembo kila msimu. "Tembo ana seli nyingi kuliko mimi mara ngapi? Kama saratani ni seli kukosea, tembo wote wangekufa nayo. Mbona sijaona?"

Ni swali la Richard Peto, la 1977, na Mzee amelifikia kwa kufukuza tembo shambani. Sehemu ya jibu ilitoka 2015: Joshua Schiffman na wenzake, Utah, na Vincent Lynch, Chicago, walikuta tembo wa Afrika ana nakala 20 za jeni ya p53 ambapo sisi tunayo moja kutoka kwa kila mzazi. Nyingi ya nakala hizo ni vipande vilivyojinakili na kujipachika, vifupi kuliko jeni yenyewe. Seli ya tembo ikiharibiwa DNA haichelewi. Inajiua upesi kuliko yetu.

"Nakala 20," akasema. "Halafu anaishi miaka 60, 70. Hazeeki mapema?"

Hazeeki mapema. Nikamweleza panya wa Houston na panya wa Madrid, nimesimama pale na koti la maabara saa kumi na mbili jioni, na nikajikuta naeleza vizuri kuliko nilivyoandika kwenye utangulizi mpya. Seli ya tembo inayoamua kufa haibaki hapo kuzeeka na kuwaudhi wenzake, na seli ambayo haijaguswa haina p53 inayoifokea. Nimeyaandika upya usiku huu, kwa maneno niliyomwambia Mzee.

Alhamisi, 8 Mei

Kuhesabu. Seli 200 kwa kila sahani, mimi na mwenzangu wa HeLa, kila mtu peke yake. Kwenye wazee na zisizoguswa tunakubaliana. Kwenye Nutlin isiyooshwa hatukubaliani hata kidogo: yeye anaona bluu hafifu anaihesabu, mimi naiacha. Na nimegundua kitu kibaya zaidi, kwamba kwenye Nutlin iliyooshwa mimi ni mkali mno. Sitaki ziwe bluu. Najua sahani ni ya nani, na jicho linanisaidia kupata ninachokitaka.

Dawa ya hilo ni kuhesabu bila kujua. Sahani ziko kwenye jokofu chini ya gliserini asilimia 70, hazitaharibika. Nimemwomba Mzee azibe maandishi kwa plasta nyeupe na kuandika herufi anazozitaka, kisha aandike ufunguo kwenye karatasi asituonyeshe. Amefanya kwa uangalifu mkubwa. Amebadilisha hata mpangilio wa trei, na herufi hazifuatani: K, B, T, M, R, na mbili za mwisho S na D.

Tumemaliza kuhesabu saa tisa alasiri. Safari hii hesabu zetu zinakaribiana, kwa sababu tulikubaliana kabla kwamba hafifu haihesabiwi. Kuna sahani moja, T, ambayo ni karibu nyeupe yote na seli zake ni nyembamba, zimejipanga. Kuna R, ambayo ni bluu na imetandazika. Nadhani najua. Sitaandika.

Nimekwenda kumtafuta Mzee atupe karatasi. Ameshaondoka, ana harusi ya mpwa wake Kisaki, amepanda treni ya TAZARA ya mchana. Nimempigia simu. Amesema karatasi anayo mfukoni mwa shati, haitapotea, na hawezi kunisomea kwa simu kwa sababu miwani ameisahau kwenye droo ya maabara. Anarudi Jumatatu.